Hapa Hapana Kupita Mumbere

Vijana wa Butembo wa rika la yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, wote wamewahi kupigwa na Muzee wa Mulango, ama wamewahi kumdanganya, na wengi walifanya yote mawili siku moja. Mimi hakunipiga. Nilikuwa msichana, tena mwenye haya, na nilipita mlango wake nyuma ya mama nikiwa na beseni la mandazi kichwani. Mwenye beseni hakuulizwa kitu. Mama alimpa andazi la kwanza likiwa bado la moto, naye akalila amesimama. Sikumsikia hata siku moja akishukuru.

Jina lake silijui mpaka leo. Alikuwa anakata tike kwenye kiwanja cha mpira, kiwanja kilichozungushiwa lupango, ua wa matete na miti ya mikaratusi, chenye mlango mmoja. Mfupi, mabega mapana, koti la askari wa zamani lisilo na vifungo. Mkononi alikuwa na fimbo ya ngozi ya kiboko yenye mpini wa mti mzito. Watu walisema alibaki nayo tangu alipokuwa nyapara kwenye barabara za Wazungu. Ukiwa karibu ulisikia sauti ya fimbo ile kabla haijakufikia.

Mahali petu pa kuuzia palikuwa ndani, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo najua mgongo wake kuliko uso wake.

Bei zake hazikuandikwa popote. Kwetu Wanande mtoto anazaliwa na jina lake tayari. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Muzee alijenga bei juu ya majina hayo. Mumbere alilipa tike nzima, Kambale nusu. Kuanzia Kasereka kwenda chini waliingia bure, ila walitakiwa kuketi kwenye majani mbele ya kamba ili wasiwazibe waliolipa. Wakubwa wa mpira walikuja kumlalamikia, mmoja wao na tai shingoni. Aliwajibu mbele yetu bila kuwatazama.

"Mama ya Kasereka amekwisha kulipa mara mbili. Sasa munataka alipe na damu?"

Matokeo yake unayaona. Siku ya mchezo mkubwa Butembo haikuwa na mzaliwa wa kwanza. Wanaume wenye ndevu walifika mlangoni na kusema "Kasereka" kwa sauti ndogo kama ya kwenye kitubio. Yeye aliwatazama miguu, si uso. Alisema uso unajifunza kudanganya mapema sana, miguu inachelewa. Mumbere wa kweli, alidai, anasimama kama mtu aliyezoea kutumwa.

Yaya yangu ni Mumbere. Alimaliza shule, akaandikwa kazi ya karani kwenye biro, yaani ofisi, ya kodi, akawa na viatu vyeusi na kalamu mfukoni, na bado kila Jumapili alijaribu.

"Uko wa ngapi?"

"Kasereka, Muzee."

"Kasereka wa mama gani?"

"Wa huyu mwenye mandazi."

Muzee akamgeukia mama. Mama akatazama ndani ya beseni lake. "Huyu mie simujui," akasema. "Labda babake."

Watu wakacheka, fimbo ikashuka kwenye mashavu ya miguu, yaya akaruka, akalipa tike nzima, akaingia akijikuna. Jumapili iliyofuata, tena. Nadhani kwa yaya ilikuwa sehemu ya mpira.

Sitaki kusema kwamba Muzee alikuwa mtu mwema aliyejificha nyuma ya ukali. Nimesikia watu wakisema hivyo juu ya wafu, na yeye hajafa. Alipiga kweli. Waliopanda lupango aliwangoja upande wa ndani, kimya, mpaka mguu wa kwanza uguse majani. Nimeona mgongo wa mvulana wa jirani yetu umefunguka kama ndizi iliyoiva kupita. Siku nyingine mtoto mdogo aliruka, tete likamchoma chini ya unyayo likavunjikia ndani. Muzee akamkalisha juu ya goti lake, akaling'oa kwa meno, akatema, akamwomba mama maji ya moto ya chai, akaosha mguu ule polepole. Kisha akampiga fimbo mbili.

"Moja ya lupango," akasema. "Ya pili juu ya kelele."

Na mpira wenyewe hakuutazama. Kwa miaka yote ile alisimama amegeuza mgongo kwa kiwanja, uso kwa barabara. Wanawake wa Butembo wakipiga vigelegele na wavulana wakipuliza pembe za ng'ombe, alijua ni bi yetu, goli letu. Ikiwa kimya, alijua tumefungwa, na hapo alikaza mkono kwenye fimbo, kwa sababu baada ya kimya kulikuwa na mawe.

Siku ya uhuru nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka Jumapili iliyofuata. Zamani kiwanja kilikuwa na viti chini ya mabati kwa Wazungu, mabenchi kwa makarani na walimu, halafu kamba, na sisi wengine nyuma ya kamba. Watu walikuja asubuhi ile wakiimba, wengi kuliko siku yoyote, wakiwa wamesikia kwamba uhuru umeua kodi na tike pamoja. Muzee alisimama katikati ya mlango na mfuko wake wa tike.

"Muzee, ondoka. Inchi iko yetu."

"Inchi iko yenu. Ingia kwa inchi. Hapa ni kiwanja."

"Unalinda mali ya Wazungu?"

"Wazungu wamekwenda. Kwa hiyo viti viko wazi, bei yao ni tike nzima. Uko wa ngapi?"

Mtu wa kwanza alimpiga ngumi ya mdomo. Yeye akamfungua kichwa kwa mpini. Halafu wakamwangukia wengi, na mimi nikaona kiganja chake kinatoka chini ya miguu yao, bado kimeshika mfuko. Waliingia bure, wakavunja viti vya Wazungu kwa kugombania kuvikalia, na mtu mmoja wa Lubero alikanyagwa mbavu akafa kesho yake. Mchezo haukuchezwa. Jumapili iliyofuata Muzee alikuwa mlangoni na meno mawili pungufu. Watu walijipanga mstari, wakasema "Kasereka," wakaingia. Hakuna aliyezungumza juu ya jambo lile. Ndivyo tulivyo hapa.

Kwa watu wa Beni kanuni yake ilimpa taabu. Wao walikuja na malori ya Waislamu wa kule, wachukuzi, wakiimba kwamba sisi watu wa baridi mpira wetu unatetemeka. Sisi tuliwajibu kwamba wao wanaoga mafuta ya mawese, mpira unawateleza. Mara moja mwenye lori, mzee wa kofia nyeupe na tumbo la heshima, alitaka bei ya jumla.

"Hawa wote ni wangu, wa lori moja. Tupunguzie."

"Jumla iko kwa soko. Hapa kila mutu na tumbo ya mama yake. Weye uko wa ngapi?"

"Kwa mama ao kwa baba?"

"Baba hapana kuzaa."

"Kwa mama niko wa kwanza. Kwa baba niko wa kumi na moja."

Mstari mzima ulisogea karibu kusikia hukumu. Muzee akamtazama miguu muda mrefu. "Lipa nzima," akasema, "juu ya mama. Lakini pita mbele ya wote, juu ya baba." Mwenye lori alicheka mpaka akashika mti wa mlango, akalipa, na akamlipia kila dereva wake.

Jioni ile ile Beni waliingiza bi ya mwisho, na watu wetu wakachoma lori la yule wa kofia nyeupe. Muzee alikwenda na fimbo kuzuia, peke yake, akipiga watu wa Butembo, majirani zake, kushoto na kulia. Alirudi na sikio moja limening'inia. Mama alilifunga na kitambaa cha kufunikia mandazi. Nilimsikia Muzee akinung'unika, "Yule alilipa. Mutu aliyelipa hapana kuchomewa." Kwake hilo lilikuwa kosa lote. Dereva mmoja aliyeungua mikono alikuwa amelala karibu yetu akilia, na yeye hata hakumgeukia.

Sasa nifike pale ambapo nyumbani kwetu hatupatani.

Miaka michache baada ya uhuru waasi walishika Butembo. Walikuwa vijana, wengine rika langu, wenye majani kichwani na vipande vya ngozi ya mnyama mkononi, wakizungumza Kiswahili cha mbali kilichochanganyika na Kilingala. Walitafuta makarani. Waliosoma, walisema, ndio waliokula uhuru. Wa biro ya kodi ndio waliotangulia. Wawili waliuawa sokoni kwa panga siku ya kwanza, na miili ikakatazwa kuzikwa. Yaya alikimbilia shambani, akalala kwenye migomba.

Mtu mmoja, hatukujua nani, alimwambia komanda wao kwamba amebaki karani mmoja, jina lake Mumbere. Komanda, mgeni, akadhani hilo ni jina la mtu mmoja. Siku mbili nzima vijana wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza Mumbere yuko wapi, na kila nyumba ilikuwa na wake. Walipoelewa, hasira ilikuwa kubwa kuliko kabla. Ikatangazwa kwa ngoma: Jumapili kutakuwa na mpira, wanaume wote waje kiwanjani, na nyumba itakayokutwa na mwanamume itachomwa naye ndani pamoja na mama yake.

Ndiyo maana yaya alirudi. Mama alimkata nywele, akamvika shati lililochanika, akamvua viatu. Hapo tukaona. Miguu yake ilikuwa laini, yenye alama nyeupe za kamba za viatu. Mama alipiga magoti akaipaka tope kama mtu anayekandika ukuta.

Mlangoni Muzee alikuwa mahali pake, na waasi wawili ubavuni, mmoja na bunduki, mmoja na panga. Tulisikia baadaye kwamba komanda alimwambia tike zimekufa, na yeye akajibu kama tike zimekufa basi arudi nyumbani kulala. Komanda akacheka. Hapana, Papa, bakia. Uliza majina kama kawaida yako. Uliza vizuri.

Mstari ulisogea.

"Uko wa ngapi?"

"Kasereka."

"Uko wa ngapi?"

"Kakule, Muzee."

"Kasereka."

"Kasereka."

Wazee wenye mvi walisema Kasereka. Muzee hakubishana na yeyote. Yaya alikuwa mbele yangu, mama nyuma yangu. Tope lilikuwa limekauka na kuanza kupasuka juu ya vidole vyake. Nililiona, na nikaona yule mwenye panga naye ameinamisha macho.

"Uko wa ngapi?"

"Kasereka, Muzee." Sauti ilimkatikia katikati.

"Wee Papa, tazama huyu miguu yake," mwasi akaanza kusema.

Hakumaliza. Muzee aligeuza fimbo mkononi na kumpiga yaya usoni kwa mpini, kwa nguvu zake zote. Nilisikia kitu kama mwiko unaovunjika. Yaya akaanguka. Muzee akampanda miguuni na viatu vyake vya misumari, akakanyaga, akakanyaga, mpaka tope likawa jekundu.

"Kasereka mwizi," alikuwa anasema, bila kupaza sauti. "Kila juma kwa lupango. Kila juma unavunja miti yangu. Unafikiri mie sikukujua?" Akapiga tena uso, na tena.

Waasi walicheka. Yule wa panga ndiye aliyemshika mkono mwishowe. "Papa, wacha. Utaua shabiki bure, na komanda anataka kiwanja kijae." Akamshika yaya kwapani, akamburuta, akamtupa ndani kwa mkono wake mwenyewe. Uso wa yaya haukuwa tena uso wa mtu unayeweza kumtambua.

Mama alipita mlangoni. Aliweka beseni mahali petu pa siku zote, akachukua andazi la kwanza, akampelekea Muzee. Naye akalila. Sijui kama mama alimpa kwa shukrani ama kwa woga.

Mpira ulichezwa nusu. Halafu komanda akaingia katikati ya kiwanja akaamuru kila Mumbere asimame. Hakuna aliyesimama. Akamwita Muzee.

"Wamepita Mumbere wangapi kwa mulango yako?"

"Hata moja."

"Papa, usinichezee. Muji muzima hauna mutoto wa kwanza?"

"Muji iko nao. Hapa hapana kupita Mumbere. Uliza hawa batu, miaka yote ni hivi."

Ilikuwa kweli, na ubaya wake ni huo. Mtu mmoja kwenye majani alicheka. Ilikuwa kama kikohozi. Akacheka mwingine, kikapita kwenye kamba, kikafika kwenye mabenchi, na ghafla watu wote walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka, hata mimi, huku nimeuma kidole. Komanda hakuelewa kicheko kile. Alidhani ni chake.

Walimlaza Muzee kwenye alama ya penalti, mkono wa kulia juu ya jiwe, wakauvunja kwa kitako cha bunduki, kidole kwa kidole. Alipiga kelele kama mtu yeyote. Halafu, kwa kuwa karani alikuwa hajapatikana na komanda alikuwa ameahidi kuua mtu, walitembea mbele ya mabenchi wakamvuta mwalimu mmoja wa watoto wadogo kwa sababu alikuwa na miwani. Aliwaambia yeye ni Kambale, wa pili. Walimkata pale kwenye kona. Walimfunika na majani ya mgomba, wakaamuru nusu ya pili ianze. Mpira ulitoka mara kadhaa upande ule, na wachezaji walisimama wakatazamana nani aende kuuchukua.

Usiku tulimbeba yaya kama gunia. Uvimbe uliposhuka, jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa.

Waasi waliondoka, wanajeshi wa serikali wakaja na Wazungu wao wa kukodiwa, wakaua na wao. Yaya alirudi kazini. Na tangu hapo, kila mara jina la Muzee likitajwa mezani, nyumba yetu inagawanyika. Yaya anasema, "Alinipofusha juu ya tike. Miaka yote alikuwa na kinyongo na mie, siku ile alipata ruhusa." Mama anajibu, "Unakula. Unapumua. Nyamaza." Yaya anasema mtu anayetaka kukuokoa anakukonyeza, hapigi mara tatu. Mimi nilikuwa nyuma yake mlangoni, niliona yote, na wote wawili wananitazama nisemee upande wao. Sikuweza. Niliona mkono tu. Moyo sikuuona.

Muzee alitoweka Butembo. Likizo iliyopita nilitumwa Oicha kwa mama mdogo, na lori letu liliharibika Beni, karibu na kiwanja chao, siku ya mchezo. Joto lilikuwa la kule. Mlangoni kijana mwenye miwani ya jua alikuwa anakata tike zilizochapwa, bei moja kwa watu wote. Upande wa nje, kwenye vumbi, Muzee wa Mulango alikuwa anauza miwa. Aliubana muwa kwapani upande wa mkono ule uliovunjika, akaukata na panga kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekaa amekipa kiwanja mgongo.

Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha swali langu juu ya jicho la yaya kwa miaka, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha masista. Nikaonyesha muwa kwa kidole.

"Weye ni mutoto ya Mama Mandazi," akasema.

"Ndiyo, Muzee."

"Mama iko?"

"Iko. Anauza bado."

Akachagua muwa mnene, akaumenya, akaukata vipande, bila haraka. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumwambia yaya anavyosema. Nikatoa faranga. Ndani ya kiwanja watu wa Beni walianza kuimba. Alinipa vipande ndani ya jani, na hakupokea faranga yangu.

"Karani iko?"

Hakusema Kasereka. Alisema karani.

"Iko. Alirudi biro."

"Macho yake?"

"Moja hapana kuona tena."

Akaweka panga chini. Kelele ziliinuka nyuma yake, bi ya mtu fulani, na hakugeuka. Alitazama miguu yangu, kisha, kwa mara ya kwanza ninavyokumbuka, uso wangu.

"Nilitafuta pua," akasema. "Akageuza kichwa."